Tulimupigia mudogo yangu magoti kama nkambo, kumbe alihitaji psychologue

Hapana, mukubwa. Minakatala.

Weye Mwana Kapolowe, yenye uliandika mu uzi ya ile mama ya Kolwezi yenye aliomba shauri juu ya mutoto yake, kama batoto ya leo banakosa fimbo, habakosi psychologue. Minakuheshimu, uko mukubwa, lakini ile maneno ilinichoma. Ukaongeza tena kama psychologue, ile daktari ya mawazo na roho, ni mambo ya bazungu, na muntu yenye kuwa na desturi hawezi kutosha siri ya nyumba yake inje.

Nilianza kukujibu kule kule chini. Jibu ikakuwa murefu kupita uzi yenyewe. Njo maana nikafungua yangu.

Wakuu bote, jambo. Ba Dar, ba Nairobi, ba Goma, na bandugu ya Katanga. Byenye nitasema hapa nilibiona mu nyumba yetu, Likasi, na macho yangu. Majina njo nilibadilisha, kingine sikubadilisha. Kiswahili yangu ni ya huku kwetu, haiko ya kitabu. Penye hauelewi, uliza, nitajibu.

Basi.

Tuko bantu ya Kasai, lakini Kasai yenyewe minye sikuiona hata siku moja. Nkambo ya papa, ni kusema babu ya baba yetu, njo alikuya huku juu ya kazi ya mine, mu migodi. Papa akazaliwa huku, minye nikazaliwa huku. Tunasali ku Katolika, tunakula bukari, ile munaita ugali, tunaongea Swahili na Kifaransa, na Tshiluba, luga ya Kasai, inatoka tu siku ya kilio na siku ya kugombana.

Lakini kuko desturi moja yenye haikupotea mu njia. Jina.

Kwetu, mutoto akipewa jina ya mukubwa, hachukui jina tu. Anachukua na heshima ya mwenye jina. Mudogo yangu alizaliwa nyuma ya kifo ya mama ya papa, nkambo yetu, bakamuita Kapinga sawa yeye. Tangu iko kamutoto ka mu mugongo, papa anamuita Mamu, maana yake mama. Mama yetu anamuita mama-bukwe, maana yake mama ya bwana yake. Tantine Meta, dada ya papa, akifika kwetu anasalimia Kapinga mbele, kisha minye, na minye njo mukubwa.

Nilikuwaka na wivu, sitaficha. Minye nikivunja sahani, ni makelele mpaka kwa bajirani. Kapinga akivunja sahani: "Mamu, haukuumia?"

Papa ni soudeur, anaunganishaka byuma na moto ku atelier moja hapa mu muji. Kila asubui mbele ya kutoka, anapitiaka kwa Kapinga, anainamisha kichwa. Kapinga anamuwekea mukono, anasema: "Enda muzuri, mwana yangu."

Sisi tunachekaka. Mutoto ya miaka kumi na tano anaita baba yake mwana. Papa hachekaka. Anatoka na roho ya kutulia, anaenda kazi.

Kisha kule ku kazi mambo ikaanza kuharibika. Balikuwa banasema bataachisha bantu. Papa akirudia mangaribi, haongei na mama. Anaikala na Kapinga nyuma ya nyumba. "Mamu, banapenda kunifukuza. Mamu, nikikosa kazi, hii batoto itakula nini?"

Nilikuwa nasikia. Nikaona ni kawaida. Muntu iko naongea na mama yake.

Angalieni vile desturi inafunga macho. Hakuna hata mumoja mu nyumba yenye alijiuliza: ile batoto anasema, Kapinga haiko mumoja yao?

Kisha papa akaungua ku kazi. Mukono ya kuume. Haikukuwa ya kufa, lakini pansement, ile bandeji, ilikamata mukono mpaka ku kiwiko, na akabaki nyumbani.

Tangu ile juma, Kapinga akabadilika.

Akaacha kula, bukari inakauka mbele yake. Akaacha kusuka, yeye yenye alikuwaka anasuka babinti bote ya avenue yetu. Ku masomo akaenda, akakosa, akaenda, akakosa, kisha akaacha kabisa. Ukimuuliza, "Niko sawa, yaya." Yaya njo minye, mukubwa yake. Kisha anageukia ukuta.

(Bazazi benye muko nasoma: mutoto akisema iko sawa na iko naangalia ukuta, haiko sawa. Musingoje akuye na cheti ya daktari.)

Tantine Meta njo alikata maneno. "Mama iko na kasirani. Kuko muntu mu hii nyumba alimukosea."

Mama akaitika. Papa akaitika. Na minye, na diplôme yangu ya secondaire, nikaitika. Kama nkambo amefunga kinywa na mukono ya mwana yake inaungua, unafikiri nini kingine? Kwetu unafikiri ile tu.

Siku ya Mungu, nyuma ya misa, tukakusanyika. Kuku nyeupe. Kikwembe mupya, kitenge ya kufunga. Bakamukalisha Kapinga mu kiti ya papa, bakamufunga ile kikwembe yulu ya robe, nguo yake ya misa.

Papa akapiga magoti, na pansement yake. "Mamu, kama tulikukosea, utusamehe. Fungua mukono yako tena yulu yetu."

Mama akapiga magoti. "Mama-bukwe, kama ni minye na hii kinywa yangu, unisamehe."

Tantine akanivuta. "Na weye, chini. Unangoja nini, invitation?"

Nikashuka.

Toka pale chini nikaangalia uso ya Kapinga. Haikukuwa uso ya nkambo. Ilikuwa uso ya muntu yenye banamusomea hukumu yake. Alikuwa natetemeka mpaka kiti inalia. Kisha akatapika yulu ya ile kikwembe mupya, akakimbia ku chumba.

Tantine akasema: "Hapendi rangi."

Minye nilikuwa tayari kulia, lakini ile ilinichekesha, na nikapata haya.

Siku yenye ilifuata, mu mucana, tulikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, minye na yeye. Akaongea polepole, sawa muntu anaambia kinu: "Yaya, minaona ingekuwa muzuri kwenu bote kama minye sikuweko."

Nikaacha kutwanga. Nilikuwa na woga ya kumuuliza, juu bantu banasemaka ukitaja ile neno unamupatia mutoto mawazo. Lakini sijue kuzunguka. Nikamuuliza wazi: "Unafikiriaka kujiua?"

Akasema: "Saa zingine."

Mwana Kapolowe, uniambieko. Pale, fimbo ilipashwa kupita wapi?

Nikamukamata mukono, nikamupeleka kwa mama, sombe ingali ku vidole byetu. Nikasema: "Mama, usimuache huyu peke yake, hata ya kwenda ku choo. Minaenda, minarudia." Nikakimbia kwa infirmière ya centre de santé, ile muuguzi yenye anabadilishiaka papa pansement. Sikumujua muntu mwingine ya kuuliza.

Nilifikiri atashangaa. Hakushangaa, na njo ile ilinishangaza minye. Aliuliza tu: "Saa hii iko na nani? Muzuri. Ku hopitali kuko psychologue, anapokeaka na bijana. Mumulete leo. Musiseme kesho."

Nikarudia na mbio. Na pale njo kazi ikaanza.

Papa: "Minye nimuamuru mama yangu aende kwa daktari ya ba fou, ya bawazimu? Na kinywa gani?"

Tantine: "Jina ya Kapinga ku hopitali ya bichwa. Bantu ya Kasai bote ya Likasi batajua mbele ya mangaribi."

Mama alikuwa anaangalia mikono ya Kapinga.

Nikapiga makelele. Niko muntu ya haraka, bote banajua. Nilitaka kumubeba na nguvu mu mugongo mpaka kule. Lakini katikati ya makelele yangu nikaona kintu: mu ile nyumba hakukuwa muntu yenye kuwa na haki ya kumuamuru. Papa hawezi, ni mama yake. Mama hawezi, ni bukwe. Minye nani.

Basi nikapiga magoti tena mbele ya Kapinga. Lakini ile mara sikulomba musamaha. Nilimuuliza.

"Bote banasema weye njo mukubwa hapa. Basi ukate weye. Unapenda twende kwa muntu yenye anajua hii mambo?"

"Batasema niko fou."

"Nitaingia mbele. Bakisema, baseme minye."

"Weye, hata bila daktari banakusemaka."

Ilikuwa mazaha yake ya kwanza tangu papa kuungua. Akasimama, akatafuta viatu. Papa hakutukataza. Hakutubariki pia. Aligeukia upande ya muti ya avoka, akabaki pale.

Sasa, wakuu, minye nilikuwa nafikiri psychologue ni sawa sindano. Unaingia mugonjwa, unatoka muzima. Nilifikiri pia nitakuta muzee na mandevu na blouse nyeupe ya daktari. Tukakuta mama moja ya kikwembe, anaongea Swahili sawa yetu, na alinitosha inje.

Nikakatala. Niko yaya yake, minye njo najua mambo yote.

Akaniambia: "Njo maana. Ukiwa ndani, utajibu weye."

Tantine akisikia hii story atamununulia yule mama kuku.

Nikaikala ku couloir, inje ya mulango, na hasira. Kapinga alipotoka, nikamurukia: "Alikuuliza nini?"

"Kama minalalaka."

"Na kisha?"

"Kama kuko chakula yenye ningali napenda."

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu. Nikamuambia samaki ya ziwa Tshangalele, ya kukausha. Kisha akaniuliza ile yenye uliniuliza ku sombe, wazi vile vile. Nikamujibu."

Psychologue akatuita, minye na mama yetu, yenye alitufuata nyuma. Akatuambia bintu byepesi, lakini na uso ya nguvu: tusimuache peke yake kwa sasa, tufungie madawa na bintu yote ya hatari, tusimufokee na tusimulazimishe kuongea, na ile mawazo ikirudia na nguvu, tukuye saa ile ile, hata kama haiko siku yake. Akapanga siku ya kurudia, karibu sana.

Mu njia nikapita ku soko, nikatafuta ile samaki. Kapinga akakula nusu. Mama akaangalia ile nusu sawa ni mwana mupya anazaliwa.

Haikuisha pale. Musifikiri ni film. Kulikuwa siku alikataa kuamuka, kulikuwa siku alienda kule akanyamaza saa muzima, na minye nikakasirika: tulitembea jua yote juu ya kunyamaza? Psychologue akaniambia kunyamaza na muntu yenye hakulazimishi, ile pia ni kazi. Sikuelewa. Minaanza kuelewa sasa.

Kisha siku moja Kapinga akakubali papa aitwe.

Papa alivaa veste, koti ya heshima, sawa anaenda ku tribunal mbele ya hakimu. Tukaikala: yeye, mama, minye, Kapinga. Psychologue akamuambia Kapinga aseme yenye anapenda, akitaka aache.

Kapinga akaangalia chini, akasema yote bila kupumua.

Ile mangaribi mbele ya papa kuungua, papa alimuambia tena mambo ya kazi, mpaka akalia mbele yake. Kapinga hakulala. Asubui alikuwa na hasira, hasira tu ya mutoto yenye kuchoka. Papa alipokuya kuinamisha kichwa, Kapinga akafunga macho, akajifanya sawa iko nalala. Hakumupatia baraka. Papa akatoka. Na ile siku papa akaungua.

"Ni minye nilimuchoma," akasema. "Kisha mukapiga magoti, mukasema nifungue mukono. Njo nikajua kama hata nyinyi munajua."

Kuku yetu, kikwembe yetu, magoti yetu. Kila kitu yenye tulifanya juu ya kumuponesha ilikuwa inamuambia: ndiyo, ni weye.

Psychologue hakumuambia "usifikiri vile". Aligeukia papa. "Papa, utuelezee namna mukono iliungua."

Papa ni muntu ya kazi yake. Akaanza kueleza sawa iko mbele ya ba apprentis, banafunzi ya kazi. Tuyau, ule mupira ya kupitisha gaz, ilikuwa ya kuzeeka, alikuwa anasema tangu zamani baibadilishe. Gant ya kuume, ile ya kulinda mukono, ilikuwa ya kutoboka, ikawa namusumbua, akaitosha ku mukono. Moto ikarudia nyuma. "Soudeur bila gant anaungua. Hata Papa ya Roma angeungua."

Kapinga akauliza, sauti kadogo: "Na baraka?"

"Baraka gani?"

"Ile asubui sikukupatia."

Papa akafikiri. Minamujua, hakuwa anafanya comédie. Alikuwa anatafuta kabisa mu kichwa.

"Mamu, minye hata sikukumbuka. Nilifikiri uko nalala. Nikafanya alama ya musalaba, nikaenda zangu."

Kapinga akamuangalia. Nilifikiri atafurahi. Akakasirika.

"Hii myezi yote minye minabeba, na weye hata haukukumbuka?"

Mama akataka kumunyamazisha, psychologue akainua mukono: "Mumuache akasirike. Iko na haki."

Na Kapinga akakasirika muzuri, akalia mpaka kamasi, akasema yote yenye mutoto anaambiaka baba yake na yenye muntu hawezi kuambia mwana yake. Kama asiambiwe mambo ya kazi tena. Kama hapendi kujua nani anafukuzwa. Kama anapenda kugombezwa akivunja sahani. Papa alikuwa anaitika na kichwa, na mukono yake ya kovu yulu ya magoti.

Kisha psychologue akamuuliza papa: "Na weye mwenyewe, unaongeaka na nani?"

Papa akanyosha kidole kwa Kapinga. Kidole ikabaki pale kati kati. Polepole akaishusha.

Sasa anaongea na mama. Mama anasema ni kazi, juu papa akianza hamalizaki.

Musiseme psychologue alitukataza desturi. Hakutukataza hata kidogo. Kapinga ni Kapinga, papa angali anamuita Mamu, na yeye anapenda ile jina. Alitusaidia tu kuona kama kuko mutoto ndani ya jina. Na sala, tulisali. Abbé mwenyewe, padri yetu, alituambia tusali na tuende kule.

Kwa hiyo, Mwana Kapolowe, siri ya nyumba ilikuwa ndani muzuri sana, hakuna jirani aliijua. Ilikuwa inatuulia mutoto pale pale ndani.

Yenye nilijifunza minye, sijue kuipanga muzuri. Kama uko mutoto ya miaka kumi na tatu, kumi na sita, na roho yako inachoka mpaka hautaki kuamuka, uambie mukubwa mumoja. Asipokusikia, uambie mwingine, na mwingine. Infirmière, mwalimu, abbé, yaya yako yenye makelele. Usitafute neno ya muzuri, sema tu vile inatoka. Na kama mawazo ya kujiua iko nakuya leo, enda leo, usibaki peke yako nayo.

Na kama uko mukubwa, usimuburute mutoto. Umuulize. Kisha utembee naye.

Wenye mulipitia hii, muandike hapa chini, na benye hawakubali muandike pia, nitajibu bote. Mwana Kapolowe, minakungoja weye mbele.

Lakini sitajibu kesho asubui.

Kesho Kapinga anarudia masomo. Leo ku meza kulikuwa vita juu ya yenye tutaambia préfet, mukubwa ya masomo. Mama anapenda tuseme malaria. Kapinga akacheka: "Malaria ya myezi yote? Mama, ningekuwa mu bulongo, ya kuzikwa." Akasema yeye atasema bukweli: roho yake ilikuwa mugonjwa, iko natunzwa ku hopitali, na siku ya psychologue ataombaka ruhusa. Minye nikaanza kumutengenezea maneno, kwa Kifaransa ya muzuri, na mfano na byote. Akaniangalia.

"Yaya, uniacheko niseme minye."

Papa akasema: "Mamu amekata." Kisha akajirudi, akamuangalia. "Nilitaka kusema, mwana yangu anasema vile."

Basi kesho nitaamuka mapema, nitapiga robe yake ya masomo pasi, tutaenda naye mpaka ku bureau ya préfet. Nitaikala pembeni yake. Préfet akiniuliza minye, nitamuonyesha Kapinga. Na nitanyamaza.